Sahani ya Bibi na Maji ya Kijani

Jumamosi, 12 Oktoba

Mjomba Khalfani amerudi kutoka ziwani. Vita vimeanza.

Kila mwezi unapokaribia kuwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupandisha mitumbwi nchi kavu. Dagaa hawaifuati taa wakati mbingu nzima ni taa. Basi mjomba hukaa nyumbani siku kumi na mbili hivi mpaka giza lirudi. Mtu mwingine angelala. Mjomba hawezi kutulia. Mbalamwezi iliyopita alitengeneza mlango mpya wa choo. Sasa tunaingia chooni kwa kuinama, hata Bibi. Mbalamwezi ya kabla ya hapo alijenga banda la kuku, likaanguka kabla ya kuku wa kwanza kuhamia.

Leo alikunywa chai, akazunguka uani, akasimama mbele ya bwawa langu. Akasema hilo si bwawa, ni sufuria la sombe, yaani kisamvu, linalosubiri mawese. Akasema atalifukia na kuweka hapo kitalu cha miche ya michikichi. Miche themanini ameshaagiza! Tripu ya udongo ameshaagiza!

Bwawa LANGU! Nililichimba mwenyewe likizo ya Desemba, kwa jembe lenye mpini uliopasuka, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama alinisaidia kusakafia kabla hajaenda Kidahwe kwenye shamba. Lina perege kumi na tisa. Mkubwa wao anaitwa Mwenyekiti. Nikimaliza shule nitakuwa mtaalamu wa samaki, na siku hiyo wakiniuliza nilianzia wapi, nitasema Buzebazeba, uani kwetu, nyuma ya jiko.

Nilimweleza mjomba kwa adabu kwamba kile cha kijani ni mwani, mimea midogo sana isiyo na mizizi. Akajibu kwamba shuleni hata matope yana jina.

Bibi ni mama yake mjomba na ni mama yake mama, kwa hiyo ndiye mahakama ya rufaa. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza pande zote mbili bila kuinua macho. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani yake nyeupe ya bati, ile yenye ua jekundu katikati, akatoa hukumu. Alhamisi tarehe ishirini na nne, saa kumi jioni, kabla mjomba hajarudi ziwani, sahani itazamishwa mpaka chini. Yeye atakaa kwenye kigoda chake. Akiliona ua, bwawa linabaki. Asipoliona, udongo unamwagwa palepale na perege wanakwenda kikaangoni.

Nimeifunga sahani kwa kamba. Nimepiga mafundo sita, kila fundo shubiri moja. Fundo la sita ndiyo sakafu ya bwawa. Mwalimu Elikana wa sayansi anasema mtu asiyepima anabahatisha.

Kipimo cha leo: sahani imepotea fundo la pili.

Siku kumi na mbili. Sisalimu amri.


Jumapili, 13 Oktoba

Mpango wa kwanza: kuchuja. Sayansi huanza na njia rahisi.

Nilichukua chujio la Bibi la tui. Nilichota ndoo, nikamimina kwenye chujio, maji yakarudi bwawani. Ndoo ya kwanza. Ndoo ya kumi. Ndoo ya hamsini na tatu, mkono ukagoma. Mwani wote ulipita kwenye matundu kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa, bila haraka.

Perege walinuna kwa kelele zile. Wakakaa pembeni, hawanitazami. Kuwaliwaza, nikawapa vikombe viwili vya vumbi la dagaa badala ya kimoja. Mjomba ana gunia zima la dagaa stoo. Vumbi la chini halina kazi. Walikula kidogo, kilichobaki kikazama. Watakula baadaye.

Jioni wali wa nazi. Mjomba alionja, akaweka tonge chini, akauliza ni nani aliyelipika bwawa. Bibi alinitazama. Nikasema tui la leo lina madini mengi.

Kipimo: fundo la pili, lakini kwa shida.


Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Mpango wa pili: bata.

Jirani yetu Mzee Feliksi anafuga bata. Nilikwenda asubuhi, akanisalimu kwa Kiha, mwakeye, nikaitikia vizuri, akafurahi. Nikamwomba bata wawili kwa kazi maalumu. Aliuliza kazi gani. Nikasema kula majani ya majini. Akasema bata wake wanakula chochote, juzi wamekula ndala. Nikaona nimepata mafundi.

Waliingia majini kama wenye nyumba. Walikula mwani! Niliona kwa macho yangu! Nikaandika saa na dakika. Kisha nikaona pia yanayotoka upande wa pili wa bata. Hilo sikuwa nimelipangia. Bata wawili, saa sita majini, na kila dakika chache mmoja anaongeza mchango wake.

Mjomba alivuta kiti akakaa kutazama. Alisema kwa miaka ishirini ya uvuvi hajaona mtu anayesafisha maji kwa kuyageuza choo. Akaniita Profesa. Akawaambia bata kwamba wafanye haraka, Alhamisi ijayo nyumba inavunjwa.

Kuwatoa ilikuwa shughuli. Mmoja alinifuata mpaka jikoni akala mkaa. Mzee Feliksi alikuja kuwachukua akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema binti, maji yako yameshiba, hayahitaji kuongezewa chakula. Nilimshukuru, ingawa sikuelewa kwa nini anaongelea chakula wakati tunaongelea usafi. Wazee huchanganya mambo.

Perege walikuwa na hofu kubwa. Vikombe vitatu.

Kipimo: fundo la kwanza na nusu. Sahani ilipotoka ilikuwa na kitu juu ya ua. Nimeiosha mara nne kabla ya kuirudisha.


Jumanne, 15 Oktoba

Shule. Siku nzuri sana. Lazima niiandike vizuri.

Mwalimu Elikana alifundisha usanisinuru. Akauliza mmea wa kijani ukifunikwa siku nyingi usipate mwanga utakuwaje. Nikanyoosha mkono. Nikasema utashindwa kutengeneza chakula chake, utapauka, utakufa. Akasema vizuri sana, Mwasiti, huyu ndiye anayesoma. Veneranda alinyoosha mkono akachelewa. Nilimwona.

Veneranda anakaa dawati moja nami. Kwao ni mtaa wa Mwanga, baba yake ana duka la vitambaa, na dukani kuna tangi la kioo lenye samaki watatu wa rangi ya machungwa. Maji yake ni meupe kama dirisha. Kila wiki nasikia habari za dirisha hilo. Leo aliniuliza kama samaki wangu bado wanaonekana au siku hizi nawahesabu kwa kupapasa. Nikamwambia samaki wangu hawaishi kwenye chupa.

Nimerudi nyumbani nikiwa na ari. Nimeandika swali na jibu la usanisinuru kwa kalamu nyekundu, nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Maksi zote!

Bwawani hakuna jipya. Vikombe vitatu, kwa kuwa wameshazoea vitatu.

Kipimo: fundo la kwanza na nusu.


Jumatano, 16 Oktoba

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa natandika kitanda, natazama ukutani mjomba alipotundika taa zake za sola, zile za mtumbwini. Zimening'inia tu, hazina kazi mpaka giza lirudi. Nikajiuliza wavuvi wote wa Ujiji na Kibirizi wanapataje dagaa. Hawawafuati chini. Wanawasha taa, dagaa wanapanda juu wenyewe, wanazungukwa na wavu, kwisha. Sasa mwani ni nini? Ni kiumbe kidogo cha majini, kinaelea, kipo kwa maelfu. Kama dagaa! Kwa nini hakuna mtu aliyefikiria hili?

Baada ya magharibi nilitundika taa mbili juu ya bwawa kwenye mti wa kuanikia nguo. Nuru kama harusi. Mbu walikuja. Kumbikumbi walikuja. Chura watatu walikuja na inaonekana wamewaambia wengine. Bibi alitoka na tasbihi yake mkononi, akauliza kama kuna mgeni anayetarajiwa. Nikasema ni uvuvi wa kitaalamu. Akaniita mke mwenza, kama anavyoniita anapotaka kunitania, akasema mke mwenza, marehemu babu yako alikuwa na akili zako, ndiyo maana nilijifunza kuvua mwenyewe.

Nimeamua kuacha taa ziwake mpaka asubuhi. Mwani una aibu kuliko dagaa. Unahitaji muda.


Alhamisi, 17 Oktoba

Siku mbaya. Naandika yote kwa sababu mtafiti haruki siku mbaya.

Asubuhi na mapema nilikwenda na wavu wa mjomba mkononi. Juu ya maji palikuwa na utando mnene wa kijani, umetanda kama blanketi. Umepanda! Nadharia ilikuwa sahihi! Nilivua, nikavua. Nilipomaliza, chini yake palikuwa na kijani kingine kilekile. Kipimo: fundo la kwanza. Moja!

Muda wa shule ulikuwa unanikimbiza. Ndipo nikakumbuka mchoro wa kuchuja maji kwenye daftari langu: kokoto, mchanga, mkaa. Kokoto na mchanga sina nafasi navyo. Mkaa upo jikoni. Nikavua soksi moja ya shule, ya kulia, nikaijaza mkaa, nikaifunga fundo, nikaitupa katikati ya bwawa. Ikazama na mapovu machache. Nikasema bismillahi nikakimbia.

Mwalimu wa zamu getini aliniuliza soksi ya pili iko wapi. Nikasema iko kazini. Nimefagia kiwanja cha mbele peke yangu.

Niliporudi, mjomba alikuwa amesimama uani na taa zake mbili. Betri zimekufa kabisa. Wavu una mlenda. Alikuwa amefungua gunia la dagaa pia, akakuta limepungua kwa namna isiyoelezeka. Aliongea muda mrefu. Alisema ziwani amekutana na mawimbi, viboko na wezi wa nyavu, lakini hajawahi kuhujumiwa na mtoto wa dada yake. Nilimwambia shikamoo, kwa sababu sikuwa nimemwamkia. Haikusaidia.

Bibi akatoa hukumu ndogo. Mpaka siku ya sahani, mguu wangu usivuke kamba ya nguo. Choo na jiko viko upande huu wa kamba. Bwawa liko upande ule. Kisha akachukua kopo langu la vumbi la dagaa, akaliweka chini ya kitanda chake, akalala juu yake.

Na miche imefika leo! Themanini, kwenye viriba vyeusi, siku saba kabla ya udongo. Miche hiyo haitaki jua kali. Kivuli hakuna, mahali hakuna. Basi mjomba amechoma fito nne ardhini kuzunguka bwawa, ameezeka kwa makuti ya michikichi, tabaka juu ya tabaka, na juu yake turubai jeusi la mtumbwini. Kaezeka chini sana, nadhani ana ugonjwa wa kuinama. Miche ameipanga kwenye ukingo wa bwawa langu, kama wageni waliokuja kusubiri nimalize kufa.

Perege wangu wako gizani na njaa. Nimelia dakika mbili. Kisha nimeacha.


Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekwenda shule na soksi moja nyeupe na moja ya kijivu ya mjomba. Inafika gotini. Veneranda aliuliza kama mguu mmoja umeajiriwa serikalini.

Kipimo: hakuna, kwa sababu za kisiasa.


Jumapili, 20 Oktoba

Mpango wa tano: sheria.

Nimeandika barua rasmi. Anuani mbili, tarehe, kumbukumbu namba BWAWA/01, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: YAH: PEREGE KUMI NA TISA KUNYIMWA JUA NA CHAKULA BILA KOSA. Aya tatu. Ya kwanza salamu, ya pili madai, ya tatu matumaini yangu kwamba ombi litakubaliwa. Sahihi. Nimeiweka juu ya sahani ya mjomba wakati wa chakula cha mchana.

Aliisoma kwa sauti kwa Mzee Feliksi, aliyekuwa amekuja kuomba moto. Walipofika kwenye "bila kosa" wote wawili walinyamaza kidogo, nikadhani imewagusa. Kumbe walikuwa wanajizuia kucheka. Mjomba alisema barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Bibi aliikunja akafungia maandazi ya Mzee Feliksi.

Baadaye, mjomba alipokuwa anamwagilia miche, nilimsikia anaongea na maji. Kweli! Anainama chini ya makuti anasema oya, Mwenyekiti, upo? Alipogundua nimesimama kwenye kamba ya nguo, alikohoa akaanza kupiga mluzi. Nilimuuliza maji yakoje. Akasema humo ndani giza, anaona nini yeye.

Sitabembeleza. Ila nimekaa kwenye kamba ya nguo mpaka adhana ya alasiri, nikiwa nimevuta shingo. Nimeona makuti tu.


Jumanne, 22 Oktoba

Nimefanya jambo. Huenda ni la kijinga, lakini limeshafanyika.

Veneranda alisema mbele ya dawati la nyuma lote kwamba bwawa langu linafukiwa Alhamisi, kwamba shangazi yake ana dada Buzebazeba na habari zimefika Mwanga. Akasema pole sana, akaniwekea mkono begani. Ule mkono! Nikasema Alhamisi aje mwenyewe ashuhudie. Sahani ikionekana, Ijumaa atasimama mstarini mbele ya shule nzima aseme Mwasiti anajua maji kuliko yeye. Isipoonekana, nitasema mimi, na nitataja tangi lake la kioo kwa heshima.

Akakubali haraka mno.

Sasa nahesabu nilicho nacho. Chujio limeshindwa. Bata wameshindwa. Taa, nadharia sahihi, utekelezaji mgumu. Barua iko tumboni mwa Mzee Feliksi, au karatasi yake iko jalalani. Lakini kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa tangu Alhamisi. Kipo chini pale, kimya, siku ya sita leo, kinafanya kazi.

Soksi.

Matumaini yangu yote yako kwenye soksi ya kulia, saizi ya tatu.


Alhamisi, 24 Oktoba

Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Saa tisa na nusu lori la udongo liliegeshwa nje. Dereva alipiga honi mara mbili akalala. Bibi alitoka na kigoda, amevaa kanga mpya kabisa, kama anakwenda kwenye shughuli. Mzee Feliksi alikuja. Veneranda alikuja na sare za shule, amekaa wima kama mkaguzi. Mjomba alikuwa na mfuko wake wa safari begani tayari, jioni anaingia ziwani. Alikunja turubai, akasukuma makuti upande mmoja ili jua liingie. Niliruhusiwa kuvuka kamba.

Sikutazama maji. Nilitazama mikono yangu. Nikaishusha sahani.

Fundo la kwanza. Bibi akasema anaona. La pili, anaona. La tatu! Sikuwa nimewahi kufika la tatu tangu nianze kupima. La nne. Mjomba alishusha mfuko begani. La tano. Hata dereva alikuwa ameamka amekuja kuchungulia juu ya ukuta. La sita, kamba ikalegea, sahani imekaa sakafuni.

Bibi akainama. Akasema ua lina petali saba, na moja imebanduka pembeni, na hiyo ni kazi ya mama yako alipokuwa mtoto.

UA! Petali SABA!

Nilitazama. Maji yalikuwa meupe mpaka chini. Nikaona nyufa za saruji. Nikaona, kando ya sahani, soksi yangu, nyeusi tii, imelala kama askari baada ya vita. Na perege, wote kumi na tisa, nimewahesabu kwa macho. Mwenyekiti akaja taratibu akakaa katikati ya sahani, juu ya ua. Bibi akasema tazama, huyu amejipakua mwenyewe.

Mjomba alikuna kichwa muda mrefu. Nilisubiri aseme amedanganywa. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kiriba cha mche. Akasema kumbe kajipiga ngumi mwenyewe, ni makuti yake na turubai lake yaliyofanya kazi, mwani umekosa jua ukafa. Akampigia dereva kelele amwage udongo nje, utajaza viriba. Kisha akanipa mkono, wa mtu mzima kwa mtu mzima, akasema Profesa, umeshinda kwa msaada wa adui.

Mzee Feliksi akaongeza kwamba na lile kopo chini ya kitanda limesaidia, maji yamefunga wiki nzima. Bibi akasema ameamua: miche inabaki kivulini, bwawa linabaki kando ya miche, makuti yasiguswe. Hata Veneranda akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, kwamba hilo ni swali la Jumanne ile, usanisinuru, na mimi ndiye nililijibu.

Niliwaacha waseme. Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeitaja soksi. Ndivyo ilivyo kwa ugunduzi wowote. Mwanzoni wanasema ni makuti.


Ijumaa, 25 Oktoba

Veneranda alisimama mstarini akasema. Alisema kwa haraka na akitazama bendera, lakini alisema. Mstari wa Kidato cha Kwanza ulipiga makofi bila kujua kwa nini. Wakati wa mapumziko alinipa nusu ya andazi lake, akaniuliza kama Jumamosi moja naweza kwenda Mwanga kutazama tangi lao, kioo kimeanza kuwa na ukijani pembeni.

Nilimwambia alete soksi.

Nimemwomba Mwalimu Elikana nafasi kwenye klabu ya sayansi niwasilishe utafiti wangu, "Uwezo wa Soksi Moja ya Mkaa Katika Kusafisha Bwawa." Alisoma ukurasa wa kwanza. Aliuliza kama katika siku hizo saba kuna kitu kingine chochote kilichobadilika bwawani. Nikafikiri kwa makini, kama alivyotufundisha. Nikamwambia hakuna cha maana. Giza tu, na samaki hawakulishwa.

Alinitazama muda mrefu sana. Nadhani alikuwa ananionea fahari.


Jumapili, 27 Oktoba

Mjomba yuko ziwani. Bibi amekwenda Kidahwe kumwona mama, atalala huko siku mbili. Nimebaki na mke wa Mzee Feliksi, anayesinzia mapema.

Nimefanya haki. Nimeondoa makuti yote na turubai. Miche themanini nimeihamishia chini ya upenu, mmoja mmoja, mgongo unauma. Bwawa zuri namna hii haliwezi kufichwa kama kosa. Na perege wamekaa gizani siku kumi bila sababu, kwa ajili ya nadharia ya watu wengine. Jua limeingia lote, mpaka kwenye ua la sakafu. Mwenyekiti amegeuka mara mbili.

Kopo nimelipata chini ya kitanda. Perege wamekonda, wamefunga kishujaa. Siku zote ni vikombe vitatu. Leo, kwa kuwa ni sherehe, sita.

Bata wawili wamepita kutazama. Nimewaruhusu kuogelea kidogo, kwa heshima ya kazi yao ya zamani.

Kipimo: fundo la sita! Ua lote!


Jumanne, 29 Oktoba

Bibi amerudi. Amesimama uani bila kuvua viatu, akatazama miche chini ya upenu, akatazama makuti ukutani, akatazama maji. Akauliza kama mjomba wangu anajua. Nikamwambia mjomba atajua akirudi mbalamwezi ijayo, katikati ya Novemba, na kwamba mpaka hapo kila kitu kitakuwa kimeimarika. Akasema mke mwenza. Kisha akavua viatu.

Maji yana rangi kidogo leo. Ni kivuli cha ukuta. Ukuta wetu si wa kijani, lakini jua la Oktoba lina mambo yake.

Kipimo: fundo la nne.

Nimefikiri kwa makini, nikaangalia takwimu zote tangu tarehe kumi na mbili, na jibu liko wazi kabisa. Soksi imechoka. Siku kumi na mbili majini, hata mtu angechoka. Na nilikosea jambo moja tu tangu mwanzo, nalikiri hapa kama mtafiti mkweli: soksi ilikuwa ni moja.

Mkaa upo jikoni. Nimevua ya kushoto.